Siku Simoni Alipompeleka Rosa Kanisani

Enzi zetu hapa Nakuru, mgeni wa maana ulimsikia kabla hujamwona. Kwanza zilikuja kwato juu ya lami, halafu njuga, halafu sauti ya Mzee Faraji akiwafokea watoto waliodandia nyuma ya gari lake. Wenzangu mliokulia landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, miaka ya hamsini najua mmeshaanza kutabasamu. Wajukuu zangu nikiwaambia kwamba mjini hapa palikuwa na gari la farasi la kukodi, wananitazama kwa huruma, kama mtu anayeanza kuchanganyikiwa, kisha wanarudi kwenye simu zao.

Sisi tuliishi chumba kimoja na jiko, safu ya tatu kutoka relini. Jirani akikaanga kitunguu, nyumba sita zilijua leo kuna nini. Asubuhi tuliamshwa na king'ora cha karakana, na mchana upepo ukigeuka ulituletea vumbi jeupe kutoka ziwani, likaingia machoni, kwenye nywele na ndani ya ugali. Tulicheza kati kwa mpira wa matambara. Tuliruka kamba ya mkonge mpaka vifundo vya miguu vikavimba, na jioni tukasuguliwa magoti kwa jiwe kana kwamba ni sufuria. Mtoto wa siku hizi ukimwambia aoge kwa maji baridi anataka kukushtaki.

Mzee Faraji alikuwa Mnubi mrefu, mwembamba, aliyetunza farasi kwenye uwanja wa mbio kwa miaka mingi. Mzungu wake aliponunua motokaa ya pili, alimwachia gari la farasi lililokuwa likinyeshewa nyuma ya banda: magurudumu manne, viti viwili vya ngozi vinavyotazamana, na paa la turubai la kukunja. Mzee alilipaka rangi ya kijani, akaenda manispaa akapewa leseni na kibao cha chuma cha kupigilia nyuma. Kibao kiliandikwa Hackney Carriage, na chini yake namba nne. Namba moja mpaka tatu zilikuwa teksi za kawaida za injini, lakini kwa manispaa zote zilikuwa kitu kimoja, na Mzee Faraji alipenda sana kuwakumbusha madereva wa teksi jambo hilo.

Sisi watoto tuliliita hakine, na jina hilo lilituletea ubishi usiokwisha. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alituambia kwamba Hackney ni kijiji kilichokuwa nje ya London, penye majani mazuri, ambako farasi wa kukodishwa walilishwa kabla ya kupelekwa mjini, mpaka mji ukakua na kukimeza kijiji chenyewe. Mzee Faraji alikataa katakata. Alisema alisikia kwa masikio yake, pale uwanjani, kwamba hackney ni aina ya farasi anayenyanyua magoti juu akitembea, kama mtu anayevuka tope akiwa na viatu vipya. Baba yangu, aliyefanya kazi ya kuchochea moto wa gari moshi, alisema wote wawili wanajisumbua bure. Hata hilo neno gari tuliazima kwa Wahindi, alisema, na hakuna aliyewahi kuja kulidai.

Farasi wa kwanza wa Mzee Faraji alikufa kwa uzee. Wa pili ndiye Simoni. Alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, tumbo kubwa, macho ya usingizi, na alitoka kwenye kampuni iliyouza maziwa mjini. Miaka tisa alivuta mkokoteni wa maziwa, mpaka kampuni ikanunua lori naye akauzwa. Mzee Faraji alimsifu kwamba hana wasiwasi kabisa. Gari moshi lingeweza kupiga honi ubavuni mwake, na Simoni akatikisa sikio moja tu.

Mwaka huo dada yangu Rosa alikuwa anaolewa. Sisi tulikuwa wawili tu kwa mama yetu, na Rosa alinizidi miaka kumi. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, akanifundisha kusoma saa, na usiku akanipa upande wa ukutani kwa sababu niliogopa panya. Mchumba wake aliitwa Patrisi, karani wa mizigo wa reli, kijana mpole mwenye mstari wa nywele ulionyooka kuliko reli yenyewe. Mambo yalikuwa yamekamilika, isipokuwa kalenda. Patrisi alikuwa amehamishiwa Tororo, na treni yake ilikuwa Jumatatu. Kwaresma ilianza Jumatano, na ndani ya Kwaresma Padri hakufungisha ndoa hata ungemlilia. Kwa hivyo ilikuwa Jumamosi hiyo saa nne asubuhi, ama baada ya Pasaka, bwana harusi akiwa Uganda na bibi harusi akiwa Nakuru. Shangazi yake Patrisi, ambaye tangu mwanzo alimtaka binti wa rafiki yake, alikuwa ameshaanza kusema mbele za watu kwamba hata ikisogezwa si neno, wasichana hawaishi.

Tena Padri mwenyewe alikuwa mtu wa dakika. Jumamosi hiyo alitakiwa Elburgon kwa watu wa viwanda vya mbao, na alitangaza mara tatu kanisani kwamba saa nne na nusu gari lake litakuwa barabarani, harusi iwepo au isiwepo.

Desturi ya landhi ilikuwa bibi harusi kutembea. Wanawake walimzunguka wakiimba, wakifagia njia kwa khanga zao, na kila mtu akatoka mlangoni kumtazama. Lakini jirani yetu mmoja, karani, alikuwa amempeleka binti yake kwa teksi, na tangu siku hiyo mkewe alikuwa akituamkia kwa pua. Baba aliapa kwamba Rosa atakwenda kwa kitu ambacho teksi ingebidi ikipishe. Akamkodi Mzee Faraji. Halafu, kwa sababu kiburi hakijui kushiba, akaamuru tusipite njia fupi ya sokoni. Tupite barabara ya juu, yenye nyumba za wakubwa wa reli, ili mkubwa wake wa kazi atuone. Mzungu huyo tulimwita Bwana Saa, kwa vile mkono mmoja ulikuwa daima mfukoni ukitafuta saa yake.

Mzee Faraji alikubali bila kufikiri. Tangu amnunue Simoni, miezi miwili kabla, hakuwahi kupita barabara ile, maana wakubwa walikuwa na motokaa zao.

Asubuhi hiyo Mama alinivalisha gauni la manjano, akanikalisha kwenye stuli, akaniinamia. Wiki chache kabla, wakwe walipokuja kula, nilikuwa nimewaeleza kwamba kuku waliyemsifu sana tulimwazima kwa jirani yetu Mama Okumu na tutamrudisha mwisho wa mwezi. Sikuona kosa langu, kwa sababu lilikuwa jambo la kweli. Mama hakuwa amelisahau.

"Leo mdomo wako ni wa kula tu," akaniambia. "Ukiufungua kwa kazi ingine, utaniona."

Wanakwaya na majirani walitangulia kwa miguu kupitia sokoni. Sisi tukapanda gari: Baba kwenye suti ya kuazima, Rosa kwenye gauni jeupe, mimi miguuni pake, na Mama akiwa amepakata sufuria kubwa yenye kifuniko, ambamo keki ya harusi ilikuwa imelala juu ya kitambaa. Ilikuwa saa tatu na nusu. Njuga zililia, landhi nzima ikatoka nje, na mke wa karani akajifanya anaanika nguo. Siku hiyo nilimpenda Baba kupita kiasi.

Tulipanda mlima vizuri. Tukaingia barabara ya juu, penye mijakaranda na nyua zilizokatwa sawasawa. Kwenye lango la kwanza Simoni akasimama.

Mzee Faraji alisema farasi anavuta pumzi tu. Akabonyeza ulimi, akatikisa hatamu, akamwonyesha mjeledi. Simoni alitazama mbele kama mtu aliye kwenye foleni. Baada ya muda akatoka mpishi na jagi tupu mkononi, akatuona, akaona shela, akacheka mpaka akashika ubavu. Alipofunga lango la chuma, lango likalia kwa nguvu, na Simoni akaondoka. Mzee Faraji akatugeukia akasema tumeona wenyewe, huyu anataka upole.

Kwenye lango la pili akasimama tena.

Hapo nikaelewa. Mama alikuwa akifua nguo kwenye nyumba moja ya barabara ile, na likizo za shule alinichukua kwenda naye. Kila asubuhi nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikitazama mkokoteni wa maziwa. Mchuuzi hakugusa hatamu hata siku moja. Alipima maziwa, akafunika mkebe wake kwa kishindo, ng'aa, na farasi kwa kusikia sauti hiyo akaenda mwenyewe mpaka lango linalofuata. Mbele yetu palikuwa na malango tisa zaidi, na Simoni alikuwa akingoja kifuniko.

Nililijua lote hilo, na mdomo wangu ulikuwa wa kula tu.

Baba alishuka akaanza kusukuma gari kwa nyuma. Mzee Faraji akashuka akamvuta Simoni kwa mbele, akimnong'oneza Kinubi sikioni. Mama alianza rozari. Ilipofika saa nne kasoro dakika kumi, tone moja la maji liliangukia mkono wangu, nikainua macho nikaona ni Rosa. Hakulia kwa sauti. Alikaa wima, mikono juu ya maua, machozi yakishuka peke yake. Nilikuwa sijawahi kumwona Rosa akilia.

"Mama, anangoja kifuniko," nikasema.

Mama alifungua jicho moja. Aliniuliza alikuwa ameniambia nini kule nyumbani. Nikaanza kurudia maneno yake, na yeye akainua mkono, lakini Rosa akaushika.

"Mwache aseme, Mama. Sisi wakubwa hatuna la kusema."

Nikaeleza mambo ya mkebe na mchuuzi. Hakuna aliyeniamini, ila hakuna aliyekuwa na wazo lingine. Baba alichukua sufuria ya keki mapajani mwa Mama, akainua kifuniko, akakirudisha kwa kishindo. Simoni akaondoka mara moja, kwa mwendo mzuri, karibu Baba aachwe barabarani.

Basi ndivyo tulivyokwenda kanisani. Lango, kishindo. Lango, kishindo. Baba alichoka nikapewa mimi kazi, na niseme ukweli, nilipiga kifuniko kile kwa furaha kubwa na haraka yote niliyokuwa nayo. Keki ilipasuka katikati. Wapishi walitoka na majagi yao kila nyumba, kwa kuwa sauti ile waliijua, na nyuma yetu ikawa kama maandamano. Mama mmoja wa Kizungu alitoka na kitambaa kichwani akaagiza painti mbili za maziwa. Kwenye lango la sita nani atoke kama si Bwana Saa mwenyewe, amevaa nguo za kulalia zenye mistari, birika la maziwa mkono mmoja na mkono mwingine ukitafuta saa mahali ambapo hapakuwa na mfuko. Baba alinipokonya kifuniko akasimama kiaskari.

"Maziwa iko wapi?" Bwana Saa akauliza.

"Hapana maziwa, Bwana. Hii ni harusi ya mtoto yangu."

"Harusi saa ngapi?"

"Saa nne, Bwana."

Bwana Saa alichungulia saa ya ukutani, ndani ya nyumba yake. "Basi nyinyi nachelewa sana," akasema, akarudi ndani. Baba alikuwa ameonwa na mkubwa wake, kama alivyotaka, na kwa miaka iliyobaki hakupenda tuitaje safari ile mbele ya watu wa kazini.

Tulipotokea kanisani ilikuwa saa nne na dakika ishirini na nane. Wanakwaya walikuwa wamekaa kwenye nyasi, viatu pembeni. Patrisi alisimama mlangoni peke yake, koti mkononi, mstari wake wa nywele umeharibika. Shangazi yake alikuwa akijipepea kwa kitabu cha nyimbo kwa amani ya mtu ambaye mambo yake yanamwendea vizuri. Kila mtu aliinuka kutupokea. Mzee Faraji akavuta hatamu kusimamisha gari mbele ya mlango.

Simoni hakusimama. Alipita mlango wa kanisa, akampita Patrisi, akampita shangazi, akiwa na bibi harusi aliyenyoosha mkono hewani, akazunguka nyuma mpaka nyumba ya Padri. Mteja wa mwisho wa maziwa, kumbe, alikuwa Padri. Njia ya pale ni nyembamba, jiko upande huu na ua wa michongoma upande huu, na katikati yake Padri alikuwa ndani ya gari lake, injini inanguruma, mkoba wa misa kwenye kiti cha pembeni, tayari kwa Elburgon. Simoni alisimama pua kwa pua na gari hilo. Padri akapiga honi. Simoni akatikisa sikio moja.

Padri, Mwairishi mwekundu kama nyanya, akashuka. Akamwambia Mzee Faraji asogeze farasi, amechelewa. Mzee Faraji akasema farasi huyu hasogei. Padri akasema basi afanywe asogee. Mzee Faraji alivuta hatamu, na mimi niliyekaa karibu naona alivuta kwa heshima tu. Baba aligundua kitu cha kutazama mbinguni. Mama, taratibu sana, alichukua kifuniko cha sufuria, akakiweka kwenye kiti, akakikalia.

Padri akatutazama mmoja mmoja, kisha akaja kwangu, akainama. Alijua pa kwenda, maana ni yeye aliyenisikiliza maungamo yangu ya kwanza, na habari za yule kuku alikuwa nazo.

"Konsolata, unajua farasi huyu anataka nini?"

Nilimtazama Mama. Kumdanganya Padri ilikuwa dhambi, tena nikiwa na gauni jipya. Kumwasi Mama ilikuwa dhambi pia, na hiyo malipo yake yalikuwa jioni ileile.

"Ndiyo, Padri," nikasema, "lakini Mama amenikataza kusema."

Padri alimgeukia Mama, ambaye alikuwa amekaa juu kidogo kuliko kawaida, na kishikio cha kifuniko kikichungulia kando ya sketi. Alimtazama kwa muda. Halafu akamtazama Rosa, uso wake ambao machozi yalikuwa yameuchora, na mikono yake ambayo bado ilikuwa imeshika maua wima. Akarudi garini akazima injini.

"Elburgon watangoja," akasema. "Patrisi yuko wapi?"

Ndoa ilifungwa kwa dakika ishirini. Shangazi aliimba kwa sauti ndogo kuliko wote. Baadaye, tukinywa chai na vipande vya keki iliyopasuka, Padri alisimama mbele ya kibao cha gari la Mzee Faraji na ubishi wetu ukaanza upya. Yeye alisema amesoma kwamba kuna neno kama hilo katika Kifaransa cha zamani, na maana yake ni farasi mpole, wa mwendo laini, anayefaa kubeba mabibi. Mwalimu alishikilia kijiji chake. Mzee Faraji alishikilia magoti yake. Mpaka leo sijui nani alisema kweli, na nimekuwa nikiogopa kuuliza nisije nikaambiwa.

Jumatatu jioni tulimsindikiza Rosa stesheni. Nilikuwa na furaha nyingi, kwa sababu siku mbili nzima watu walikuwa wakinisifu, hata Mama, na nilidhani kusindikiza ni kama kusindikiza kwa kawaida. Rosa alinishika masikio akanibusu kwenye paji la uso, akapanda behewa la daraja la tatu na sanduku lake la bati. Treni ilipoanza kusogea, nilimwona akitoa kichwa dirishani akinitafuta kwenye umati. Hapo ndipo iliponiingia akilini kwamba yule niliyekuwa nikimharakisha barabara nzima, kishindo baada ya kishindo, nilikuwa nikimharakisha aondoke. Nilipiga kelele treni isimame. Baba alinibeba mgongoni mpaka nyumbani, nami usiku ule nililala kitanda kizima, na sikukitaka.

Wajukuu zangu wawili wa kike, mmoja yuko hapa Nakuru na mwenzake anafanya kazi Qatar. Kila jioni wanaonana kwenye simu. Wanaonyeshana mboga zinavyochemka, wanagombana kuhusu blauzi iliyopotea mwaka juzi, mtandao ukikwama kidogo wanalalamika kana kwamba wamefiwa. "Kukhu, kuja usalimie huyu," wanamwambia bibi yao, na mimi nasalimia. Barua ya Rosa ilichukua wiki tatu kutoka Tororo, na yangu ikachukua tatu kurudi. Tangu Jumatatu ile mpaka alipozikwa hukohuko, tulionana mara nne. Nazikumbuka zote nne, alivaa nini, tulikula nini, aliketi upande gani wa meza. Hawa wangu wameongea jana tu saa nzima, na leo asubuhi nilimuuliza huyu wa hapa walisema nini. Alifikiri kidogo, akaniambia hakumbuki.